Mjusi chui: unene wa afya na unene wa maradhi

Wafugaji wengi wa mjusi chui hujivunia mkia mnene, na hapo ndipo wanapomponza mnyama wao. Asili yake ni nchi kavu zenye mawe, Pakistan, Afghanistan na kaskazini-magharibi mwa India, ambako wadudu wana msimu wa kujaa na msimu wa kuadimika. Mafuta ya mkiani ni akiba ya siku za njaa. Ndani ya tangi la kioo njaa haiji, mlo unakuja kila mara, na akiba inazidi kurundikana pasipo kutumika.

Basi anza na mkia, lakini uupime kwa shingo. Tazama kwa juu: sehemu yake pana kabisa ikilingana na shingo au kuizidi kidogo, mjusi yuko vizuri. Ukiwa mwembamba kuliko shingo, kuna upungufu. Ukiwa mpana kuliko kichwa, amelishwa kupita kiasi, hata kama muuzaji anausifu. Hakikisha pia ni mkia aliozaliwa nao, wenye pingili zinazoonekana wazi. Uliokatika na kuota upya huwa mfupi, laini na wa duara kama kitunguu, na hautoi kipimo cha kuaminika. Hapo hukumu mwili.

Mwache atembee mezani, usimshike, maana ngozi ikikunjwa mkononi hudanganya. Mjusi kafiri wa kuta zetu hunata kwa vidole. Huyu ana kucha tu, na maisha yake ni ya ardhini, kwa hiyo mwendo wake unasema mengi. Mwenye afya huinua tumbo anapotembea. Aliyenenepa huliburuta, mapaja yamejaa, na nyuma ya miguu ya mbele, kwapani, pametuna vifuko pande zote mbili. Kifuko kidogo peke yake hakinitishi. Vikiwa vikubwa, vya kudumu, pamoja na tumbo la kuburuta, huo ni unono. Ila kwa jike mtazame vizuri upande wa tumbo: ukiona maumbo mawili meupe ya mviringo chini ya ngozi, hayo ni mayai, na huo si wakati wa kumpunguzia chakula wala kalisi.

Mizani ya jikoni inayosoma gramu ni ya lazima. Mkubwa wa kawaida huwa na gramu 45 hadi 80, lakini wako wa ukoo wa majitu wanaopita 100 bila kasoro, na wako wa gramu 60 ambao tayari wamenona mno. Kwa sababu hiyo mlinganishe na yeye mwenyewe: mpime mara kwa mara kabla hajala, uandike. Akipoteza sehemu moja ya kumi ya uzito bila sababu, mpeleke kwa daktari wa wanyama. Na akila vizuri huku mkia unazidi kukonda, chukua kinyesi kibichi kikapimwe vimelea vya utumbo.

Mtoto hula kila siku. Mkubwa zinamtosha siku mbili au tatu kwa wiki, nyenje au mende wasiozidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho yake. Mabuu ya nondo wa nta yana mafuta mengi, na mjusi akiyazoea hukataa vingine. Nayahesabu kuwa anasa, si chakula.

Ukiwa na mjusi aliyenona, tafadhali usimshindishe njaa ghafla. Mafuta ya mwilini hukimbilia kwenye ini, na ini lililojaa mafuta linaweza kumuua. Ondoa mabuu ya nta, punguza idadi ya wadudu kidogo kidogo, mpanulie nafasi ya kutembea, na hakikisha upande wenye joto unafika nyuzi 31 hadi 33 ili chakula kisagike. Kazi hiyo huchukua miezi, na inastahili: akitunzwa vizuri, mjusi chui huishi miaka 15 hata 20.