Takrima ya Nani?

Liko neno moja la lugha yetu lililodhulumiwa katika nchi ya Tanzania, nalo ni "takrima". Kwa desturi, takrima ni heshima ambayo mwenye nyumba humpa mgeni wake: maji ya kunawa, chakula, na mahali pa kulala. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa, ikasema ya kuwa ukarimu wa desturi, ufanywao kwa nia njema na mtu agombeaye kiti, hautahesabiwa kuwa rushwa. Basi pilau na khanga za wakati wa kura zikapata mahali pa kujificha.

Lakini fikirini. Mgombea ndiye mgeni, nasi tu wenyeji. Tangu lini mgeni akaingia mji wa watu akamkirimu mwenyeji? Ajaye hivyo hakuja kukirimu, amekuja kununua. Mahakama Kuu ililiona kosa hilo, na mwaka 2006 ikavibatilisha vifungu vile, maana vilimpendelea mgombea tajiri na kumwonea maskini. Twaisifu hukumu ile.

Walakini sahani ya pilau ni mwisho wa safari ya fedha. Mwanzo wake u wapi? Vyama hupata ada za wanachama. Vingine hupata ruzuku ya Serikali, ambayo ni kodi zetu. Tena hupokea michango ya wenye mali. Naye atoaye mamilioni huenda akadai shukrani yake baadaye: zabuni, ardhi, au msamaha wa kodi. Deni hilo tutalilipa sisi, tusiokuwapo lilipokopwa.

Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 ni njema. Yaweka kikomo cha matumizi, na kutaka Msajili wa Vyama vya Siasa apewe habari za fedha za uchaguzi. Hata hivyo naona upungufu mmoja: hesabu yapanda juu kwa wakubwa, wala haiamriwi ishuke, isomwe mkutanoni kijijini kabla ya siku ya kura.

Kanisani kwetu sadaka huhesabiwa na wazee zaidi ya mmoja, na jumla husomwa mbele ya watu wote. Si kwamba twawashuku wazee wetu. Mtume Paulo naye, katika waraka wa pili kwa Wakorintho, aeleza jinsi ndugu aliyechaguliwa na makanisa alivyofuatana nao katika kazi ya changizo, ili mtu asipate kuwalaumu. Ikiwa Mtume hakuona haya kuangaliwa, chama cha siasa chaona haya gani?

Basi ajapo mgombea, tumkaribishe, tumpe kiti na maji, maana takrima ni kazi yetu. Kisha mmoja wetu asimame, amwulize kwa adabu: "Bwana, gari hili na mafuta yake, ni nani aliyelipa?" Akijibu wazi, tumsikilize. Akicheka tu na kuanza kugawa khanga, tumrudishie khanga zake, na kura yetu tumnyime.