Jamani, Twende Clark!

Ndiyo kwanza nimetoka, moyo bado unanidunda, mikono haitulii, na siwezi kungoja hata dakika: rafiki yangu, lazima uende! Kamji kadogo, katulivu mno, kamejificha kwenye vilima vya Massachusetts, Marekani, kanaitwa Williamstown. Na ndani yake jumba la sanaa la Clark, ambalo jiji zima lingejivunia!

Picha za mchoraji Renoir tu zinapita 30! Mashavu mekundu, nywele laini, bahari, maua… na vitunguu! Vitunguu vya jikoni kabisa, pamoja na vitunguu saumu, vinameremeta waridi na dhahabu hadi unataka kuvimenya. Mimi na vitunguu wapi na wapi? Basi nimeviangalia mpaka mlinzi akanitupia jicho.

Na bado! Ngoja ukutane na kazi ya mchoraji Sargent, picha ya mwaka 1880 iliyozaliwa na safari yake ya Morocco. Mwanamke amesimama: nguo nyeupe, ukuta mweupe, nguzo nyeupe, na kila weupe una rangi yake, wa maziwa, wa kijivu, wa jua la asubuhi! Miguuni pake chetezo cha fedha. Ametandaza ushungi juu ya kichwa ili moshi wa ambari usimpotee. Anajifukiza, mwenzangu, vile vile tunavyojifukiza udi nyumbani! Wallahi harufu niliisikia. Sikutaka kabisa kuondoka.

Kisha sanamu ya Degas, kale kabinti kanakocheza baleti, mwili wa shaba lakini sketi ya kitambaa halisi, utepe halisi nyweleni, kidevu juu, mikono nyuma. Nimekazunguka, nikakazunguka tena, kila upande kana uso mwingine!

Na fedha za kununua hazina yote hii zilitoka wapi? Cherehani! Sterling Clark, aliyelifungua jumba hili mwaka 1955 pamoja na mkewe Francine, alirithi utajiri wa babu yake, mshirika wa Singer. Singer ile ile ya fundi wako wa barazani! Nusura nipige kelele.

Na bado! Nje kuna maji yametandazwa ngazi kwa ngazi, mbingu yote imo ndani, na nyuma yake kilima ambako kiangazi ng'ombe hula majani…

Nenda asubuhi, watu wakiwa wachache. Vaa viatu vyepesi. Na uanze na ile ambari, tafadhali sana!