Sura Ile Ile, Beji Hana

Mama mwenye duka la fotokopi hapa Kolwezi alileta kompyuta yenye diski mpya ya SSD na skrini nyeusi: mstari mmoja tu wa maandishi, hakuna diski ya kuwashia. Jana yake kijana mmoja alinakili kila kitu, akawasha, ikawaka, wakamshukuru Mungu. Diski ya zamani ilipotolewa, mashine ikagoma.

Sababu ya kubadilisha diski ilikuwa nzuri. Waya wa umeme wa kilomita 1,700 hivi kutoka bwawa la Inga, ulioanza kazi 1982, unaishia hapa hapa Kolwezi, lakini ulijengwa kulisha migodi. Mitaani umeme hukatika bila hodi, na diski ya kuzunguka haipendi kukatiwa umeme ikiwa kazini. Kasoro ilikuwa kwenye kunakili. Diski ya zamani ilikuwa ya GB 500, mpya GB 240. Kwa kuwa haikutosha, kijana alinakili sehemu ya C peke yake.

Fundi wa haraka angesema: weka Windows upya. Sisi tuliuliza kwanza: safari ya kuwaka imekatikia wapi?

Tuliingia kwenye mipangilio ya UEFI, programu ya ubao mama inayoamka kabla ya Windows. Jina la SSD lilikuwepo, na ukubwa wake. Basi diski nzima, kebo nzima. Kama jina lingekosekana, kazi ingekuwa ya bisibisi.

Kisha tukawasha kwa fleshi ya kusimika Windows, tukabonyeza Shift na F10, tukaandika diskpart, halafu list vol. Ilionekana sehemu moja tu ya SSD, ya NTFS. Hapo ugonjwa ukajitaja wenyewe. Mlinzi wa geti la mgodi hatazami sura, anatazama beji. UEFI nayo haitafuti Windows. Inatafuta sehemu ndogo ya FAT32 yenye faili za kuwashia. C bila sehemu hiyo ni mfanyakazi mwenye ovaroli ile ile, beji hana. Na jana ilipowaka? Iliwaka kwa diski ya zamani, iliyokuwa bado imechomekwa.

Tiba ilichukua dakika chache. Ndani ya diskpart tulichagua C, tukaipunguza kwa shrink desired=300, tukaunda beji kwa create partition efi size=260, tukaifomati kwa FAT32 na kuipa herufi S. Tukatoka, tukaandika:

bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI

Amri hiyo hunakili faili za kuwashia na kuandika upya daftari la BCD, linaloeleza Windows iko wapi. Hakikisha kwanza herufi: ukiwasha kwa fleshi, C yako inaweza kuitwa D.

Kilichotuchelewesha ni kibodi. Mashine zetu nyingi zina AZERTY ya Kifaransa, fleshi ilikuwa ya Kiingereza. Ukibonyeza A inatoka q, Z inatoa w. Nukta mbili hupatikana kwa Shift na M, mkwaju (/) kwa kitufe cha alama ya mshangao. Amri sahihi ikikataliwa, shuku vidole kabla ya diski.

Ingekwama mbele zaidi, dawa ingekuwa nyingine. Kosa 0xc000000e mara nyingi husema daftari limepatikana ila linaelekeza pasipo na Windows. Bcdboot hiyo hiyo hutosha. Skrini ya buluu yenye INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE inasema Windows imeanza kuamka lakini imeshindwa kuisoma diski yake: tazama kama mpangilio wa diski kwenye UEFI, AHCI au RAID, umebadilishwa, urudishe ulivyokuwa.

Mashine iliwaka, ankara za miaka yote zikiwepo. Mama akauliza kama diski ya zamani aiuze. Tukamwambia asubiri, kwa kuwa kopi huthibitika siku inapowaka peke yake, tena na tena, ya zamani ikiwa nje. Ameifunga kwenye mfuko wa nailoni, iko juu ya kabati.