Ukungu Mara Mbili: Kuisoma Lebo ya Yquem

Lebo ya Château d'Yquem, mvinyo mtamu wa Ufaransa, ni fupi kuliko ubeti. Taji, jina la shamba, neno Sauternes, mwaka, basi. Hakuna picha ya kishada wala sifa. Anayetaka kujua kwamba ndani mna zabibu za Semillon kwa wingi na za Sauvignon blanc kidogo, aulize. Wapo wanaouona uchache huo kuwa majivuno ya shamba lililopewa daraja la peke yake katika orodha ya madaraja ya mvinyo wa Bordeaux ya 1855. Mimi naona fani imeifuata kazi ya shambani, maana huko nako kazi yote ni kupunguza.

Hapa Kiswahili kinatufaa sana. Ukungu ni ule unaotanda alfajiri, na ukungu ni ule unaoota juu ya mkate uliolala. Yquem hutokana na ukungu mara mbili. Wakati wa vuli, maji baridi ya mto Ciron yakikutana na ya Garonne yenye joto, ukungu wa kwanza hupanda hadi mashambani. Huo huleta wa pili, kuvu ya Botrytis, inayotoboa ganda jembamba la Semillon. Jua la mchana likiwaka, maji huvukizwa, sukari hubaki. Zabibu iliyonyauka hivyo, muuza matunda yeyote angeitupa jalalani.

Wachumaji hupita wakichagua zilizoiva kwa kuoza, huziacha nyingine, kisha baada ya siku kadhaa huurudia mzabibu uleule, na kuurudia tena. Ni kibwagizo, ila kila kikirudi hukuta ubeti umebadilika. Mwishowe mzabibu mmoja hutoa kiasi cha glasi moja tu. Na hali ya hewa ikikataa, shamba hunyamaza: hakuna Yquem ya 1992, hakuna ya 2012. Washairi wetu wangapi wangekubali kuacha diwani ya mwaka mzima?

Palipolegea ni kwenye mvinyo mkavu wa shamba hilo, ulioanza 1959 na kuitwa kwa herufi moja, Y. Jina lina werevu, pengine kupita kiasi. Zamani ulitoka miaka michache tu, kwa zabibu zilizosalia baada ya kuvuna za mvinyo mtamu; ulikuwa mwangwi, na mwangwi ulikuwa mahali pake. Tangu 2004 hutengenezwa kila mwaka. Huenda ukawa mtamu kinywani mwa wanaoumudu, lakini kwa umbo ni dhaifu kuliko mwenzake: haujui kukosekana.