Shaba Nayo ni Kifaa: Uchambuzi wa Amplifaya ya Kutengeneza Nyumbani

Mchoro wa amplifaya ya LM3886 unatosha kwenye nusu ukurasa: chipu moja, rezista chache, kapasita chache. Chipu hiyo ilitoka National Semiconductor, kampuni ya Marekani iliyonunuliwa na Texas Instruments mwaka 2011. Ikipewa volti 28 chanya na volti 28 hasi, inaisukuma spika ya omu 4 kwa wati 68. Hata hivyo mafundi wawili wanaweza kufuata mchoro huohuo, mmoja akapata muziki safi na mwingine akapata mvumo usiokoma. Tofauti yao haimo kwenye orodha ya vifaa. Imo kwenye bodi: njia za shaba zimepita wapi, zina upana gani, na zinakutana wapi.

Bodi tunayoichambua ilitengenezwa nyumbani, kwa kipande cha faiba chenye shaba upande mmoja, unene wa mikroni 35. Mchoro wa njia za shaba ulichapwa kwa printa ya leza kwenye karatasi ya kung'aa, kisha ukahamishwa kwa pasi ya nguo. Hilo linawezekana kwa sababu tona ni unga wenye plastiki ndani yake: ukipata joto huyeyuka na kushika shaba, mradi shaba imesuguliwa kwa msasa laini na kufutwa kwa spiriti mpaka isibaki hata alama ya kidole. Mchoro huchapwa jinsi unavyoonekana ukiitazama bodi kwa upande wa vifaa, kwa kuwa pasi ndiyo inayougeuza. Anayeugeuza tena kwenye kompyuta atapata bodi ambayo pini za chipu zinaangukia kinyume.

Baada ya karatasi kulowekwa na kubanduliwa, bodi iliingia kwenye feriki kloridi, ndani ya chombo cha plastiki. Dawa ikiwa vuguvugu na ikitikiswa taratibu, kazi huenda haraka, na haraka hiyo ina maana. Dawa haili shaba kutoka juu tu. Huingia pia ubavuni, chini ya tona. Bodi iliyokaa humo muda mrefu hutoka na njia nyembamba kuliko zilizochorwa. Kwa hiyo njia za umeme mkubwa zilipewa upana wa milimita 4, na nafasi zilizobaki wazi zikaachwa na shaba yake. Dawa iliyotumika hubeba shaba iliyoyeyuka, ambayo ni sumu kwa viumbe wa majini, basi isimwagwe mtaroni wala kwenye sinki.

Sasa tuje kwenye kiini cha kazi yenyewe. Shaba ya mikroni 35 ina ukinzani wa takriban nusu miliomu kwa kila mraba. Njia yenye upana wa milimita 2 na urefu wa milimita 50 ni miraba 25, yaani kama miliomu 12. Namba hiyo inaonekana haina uzito. Lakini wati 68 kwenye omu 4 zinahitaji mkondo unaofika kilele cha ampea 5.8, na mkondo huo ukipita hapo huacha volti 0.07. Amplifaya hii inakuza mara 21, kwa rezista za kilomu 20 na kilomu 1, hivyo ishara inayoingia kwa nguvu yote ina kilele cha volti 1.1 tu. Ikiwa graundi ya ishara inatumia njia moja na mkondo wa spika au wa kapasita kubwa, chipu haiwezi kutenganisha volti hizo za ziada na muziki. Inavikuza vyote pamoja.

Dawa yake ni kuzitenga njia za kurudi. Graundi ya ishara ina njia yake, spika ina yake, kapasita zina yake, na zote zinakutana mahali pamoja tu. Kapasita kubwa, mikrofaradi 10,000 kila upande, huchajiwa mara 100 kwa sekunde kwenye umeme wa hezi 50, kwa mipigo mifupi na mikali. Mipigo hiyo lazima izunguke kati ya transfoma, dayodi na kapasita, isiguse njia ya ishara. Mvumo wa hezi 100 ukisikika, hapo ndipo pa kutazama kwanza.

Ufupi nao una thamani. Kapasita ndogo za mikrofaradi 0.1 ziliwekwa kando kabisa ya pini za umeme, na rezista ya kurudisha ishara ikafungwa karibu na chipu. Kampuni ya Kijapani ya 47 Laboratory ilijenga sifa ya amplifaya yake ya Gaincard, yenye chipu ya jamii hiihii, LM3875, juu ya ufupi huo wa njia.

Joto halina huruma. Kwa omu 4, chipu inaweza kulazimika kutoa wati 40 za joto. Kwenye chumba cha nyuzi 35, hitisinki isipande zaidi ya nyuzi 1.7 kwa kila wati. Mgongo wa chuma wa LM3886T umeunganishwa na volti hasi, hivyo unahitaji karatasi ya maika na bushi ya plastiki kwenye skrubu.

Jaribio la kwanza lilifanywa bila spika, balbu ya nyuzi ya wati 60 ikiwa imefungwa mfululizo na umeme wa ukutani, na kasha la chuma likiwa limeunganishwa na waya wa ethi. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kuendelea kuwaka, pana shoti. Kisha mita hupima mahali pa spika: volti ya moja kwa moja ibaki chini ya milivolti 100. Kukiwa kimya kabisa, kagua pini ya 8 kabla ya kuilaumu chipu, kwani isipovutwa walau miliampea 0.5 kuelekea upande hasi, amplifaya haitoi sauti.

Anayetaka kujaribu na achukue penseli ya rangi kabla ya kuchapa. Afuatishe kila mkondo mkubwa kutoka unakotoka hadi unakorudi. Rangi hiyo ikipita juu ya graundi ya ishara, achore upya. Karatasi na penseli ni rahisi kuliko kuchoma bodi nyingine.