Darasa la Kufungwa

Pale barazani Ng'ambo, Unguja, kuna mzee ambaye akicheza bao simtazami uso, namtazama kiganja. Huchota kete bila kuzihesabu, akazidondosha shimo kwa shimo kwa kidole gumba, na ya mwisho ikianguka mkono umeshafika unakotakiwa kuendelea. Hesabu aliimaliza kabla hajauinua. Mbele yake, tangu Ramadhani iishe, hukaa kijana wa mtaa wa pili ambaye hesabu zake zinaonekana midomoni. Alasiri ikifika anakuja, anaamkia, anakaa. Kisha anafungwa.

Mwanzoni alikuwa akifungwa mkononi. Wanaolijua bao hawahitaji kuelezwa aibu ya hilo: kunamua, yaani kuingiza kete za mkononi, hakujaisha, ngumi bado ina kete zake, na safu ya mbele imekwisha kufagiwa. Baraza hucheka. Kuna aliyemwuliza kama hizo alizobaki nazo anakwenda kuzipanda, maana kete za mzee ni komwe za kweli, zilizookotwa pwani chini ya mkomwe wenye miiba, zikasuguliwa na vidole vya watu mpaka zikang'aa. Mzee mwenyewe hakucheka. Wala hakueleza kosa liko wapi. Alipanga upya: 6 katika shimo la mraba liitwalo nyumba, 2 na 2 pembeni yake, 22 mkononi kwa kila mtu. "Haya, bwana mdogo."

Zamani mtu hakuja barazani mbichi hivyo. Watoto walianza na bao la kujifunza, kete 2 kila shimo, hakuna kunamua, na wasiokuwa na bao walichimba mashimo yao mchangani, safu nne za mashimo manane, wakacheza kwa vijiwe mpaka magharibi. Waliliana kete, wakagombana, wakapatana. Aliyefika kwa wazee alikuwa amekwisha kufungwa na wenziwe mara zisizohesabika, na kwa hiyo alijua kukaa kimya akifungwa. Kijana wetu amefika na ndevu zake, hajawahi kuchimba shimo hata moja. Simlaumu. Mchanga wenyewe wa kuchimba uko wapi siku hizi? Uwanja tuliochezea sisi umepigwa saruji, unaegeshwa magari.

Alipoacha kufungwa mkononi, akaanza kufungwa kwa sababu ya nyumba. Hili nimelitazama kwa raha kuliko yote. Lile shimo la mraba humtia mgeni wazimu wa aina mbili. Kwanza huliogopa: analijaza, analilinda, anakataa kulivunja hata pale ambapo kulivunja ndiko kungemwokoa, na mzee anamsubiri mpaka liwe nono, ndipo analila kwa kete moja. Kesho yake, akiwa ameapa kutoibiwa tena, kete ya mwisho ikimfikisha nyumbani anakwenda safari mara moja, anazimwaga zote, safu ya mbele inapendeza kama duka jipya, na kila shimo linakuwa mtaji wa mwenzake. Kulala, yaani kuiacha nyumba ilivyo, au kusafiri: chaguo ni hilo tu, na nimewaona watu wazima wakikosea chaguo hilo miaka na miaka.

Kisha kuna kufungwa kwa tatu, kunakomuuma mtu zaidi. Safu ya nyuma haililiki; mgeni akishagundua hivyo hufurahi, akaanza kuweka akiba huko. Siku moja kijana alikuwa na kete tele nyuma, tajiri wa kupindukia, na mbele hamna kitu. Akaambiwa mchezo umekwisha. Alitazama zile kete zake kwa muda mrefu. Mzee akasema neno lake la pekee jioni ile: "Za nyuma hazipigani."

Ukali wa bao ni kwamba halina pa kusingizia. Hakuna dadu ya kulaumu, wala karata iliyofichwa. Kete zote 64 zinajulikana zilipo, na ulichofanyiwa ulikuwa unakitazama. Ndiyo maana wazee hawakuona haja ya kufundisha kwa mdomo. Lakini sifa za bao hazikuishia barazani. Mshairi Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, aliutungia mchezo huu shairi. Mwalimu Nyerere naye alijulikana kwa kulipenda bao. Mholanzi Alex de Voogt alikuja Zanzibar, akakaa na mabingwa wetu, na mwaka 1995 akatoa kitabu kizima kuhusu umahiri wao. Wengi wetu tuliokulia ubavuni mwao hatukuandika hata ukurasa. (Na mama zetu na dada zetu hawakupewa hata nafasi ya kukaa. Hilo ni kosa la baraza, si la bao.)

Katika maduka ya watalii huko Mji Mkongwe mabao yamejaa. Yana bawaba, yanakunjika kama begi, mashimo yake ni ya kina kifupi hata vidole haviwezi kuchota, kete ni gololi. Mengi hayana nyumba. Bao lisilo na nyumba sijui ni la nani. Na kwenye simu iko programu: kijana alinionyesha. Akikosea anabonyeza, kosa linafutika, kete zinarudi mahali pake. Humo anashinda. Nilimwuliza kwa nini basi anakuja kufungwa huku, akasema simu haimchoki, akacheka, hakuongeza neno.

Juzi walicheza tena, wakaingia hatua ya mtaji, kete za mkononi zimekwisha, na ilipofika zamu ya mzee, kiganja kilisimama. Kilisimama hewani, kikarudi magotini. Mzee aliinamia bao akahesabu, yeye asiyehesabu. Hakuna aliyesema chochote. Mwenye kahawa aliacha hata kugonga vikombe. Sijui kama kijana alitambua kwamba amesifiwa, maana bado alikuwa akitazama kete.

Mchezo wenyewe ulimalizika kwa ubishi wa takasia, kanuni ya kumfungia mtu shimo. Kijana alidai shimo lake halikuwa limefungwa, akataja kanuni ya programu yake. Mzee akataja aliyofundishwa yeye. Mmoja wa watazamaji, mtu wa bara, akataja ya tatu. Zamani ubishi wa namna hiyo ulipelekwa kwa fundi mmoja Kikwajuni, akatoa hukumu huku akinywa chai, na watu wakaifuata. Amefariki, na hakuna aliyeziandika hukumu zake. Wakabishana mpaka adhana, bila kupatana, na waliorudi baada ya sala walicheza dhumna.