Panda Mnarani Saa Tatu Usiku

Wiki iliyopita picha moja ilizunguka kwenye simu za mafundi wa Dar es Salaam, na kila aliyeiona aliisifia. Ilikuwa picha ya jaribio la kasi: megabiti 300 kwa sekunde zikishuka kwenye linki ya masafa huru ya gigahezi 5, kilomita 20, kutoka kilimani upande wa Pugu hadi juu ya ghorofa moja la Kariakoo. "Leseni ya nini tena?" akaandika mmoja. Wenzake wakaitikia kama wako kwenye ngoma. Nimeitazama picha ile mara tatu na kila mara hasira imenipanda upya. Kona ya juu inaonyesha ilipigwa Jumapili, saa nne asubuhi. Kasi ya kupanda imekatwa isionekane. Kelele haikutajwa hata kidogo. Na hiyo ndiyo kazi tunayowaambia vijana waige!

Basi niseme namna linki inavyopimwa, hasa kwa mtoa huduma mdogo anayekaribia kuingia mkopo wa redio na hajui alipie leseni ya masafa au ajitose kwenye masafa huru.

Leseni haiongezi kasi, wala haimgeuzi fundi mbovu kuwa stadi. Unacholipia ni ukimya, pamoja na mahali pa kwenda kulalamika ukimya huo ukivunjwa. Mamlaka ya mawasiliano imezipitia linki za jirani, imekupangia chaneli, imekupa mlalo au wima wa mawimbi, na imeandika kwamba njia ile ni yako. Masafa huru hayana ahadi ya namna hiyo. Kanuni za Redio za ITU zimeutenga mkanda wa gigahezi 2.4, na ule wa megahezi 5725 hadi 5875, kwa mashine za viwandani, za kisayansi na za tiba. Redio ya mawasiliano inayoingia humo imekubali mapema kusumbuliwa. Ukipigiwa kelele na jirani, huna shauri la kupeleka popote. Utamwendea kwa adabu, umwombe ahamie chaneli nyingine, na akikataa utahama wewe.

Kwa hiyo kanuni ni hii: mnara kwa mnara, leseni; mnara kwa paa la mteja, masafa huru. Linki yenye wateja 50 nyuma yake na haina leseni siiti linki. Ni bahati inayomsubiri jirani mpya ahamie. Nina kanuni nyingine ambazo sizijadili na mtu. Masafa huru mjini yasizidi kilomita 7. Dishi la chini ya sentimita 60 lisibebeshwe mnara. Chaneli ya megahezi 80 ni uroho, maana kila ukiuzidisha upana mara mbili unakaribisha desibeli 3 zaidi za kelele. Na mahali nikiona kebo imefungwa kwa waya wa kuanikia nguo, hushuka bila kuuliza bei ya kazi, kwa sababu aliyefunga vile hakuwa na haraka ya siku moja, ndivyo alivyo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mgeni wa kazi hii hulikosa kila mara, hata akiwa na vyeti vya kujaza ukuta. Kelele hailingani pande mbili za linki.

Fundi mgeni akifika juu anatazama namba moja tu, nguvu ya mawimbi yanayomfikia. Akiona -55 dBm anatabasamu, anakaza nati, anapiga picha. Aliye makini kidogo atafanya skani ya masafa palepale aliposimama, aone kelele iko -92, aseme pametulia. Wote wawili wamesimama upande usiofaa. Wamesimama Kariakoo, kwa kuwa ndiko kuna lifti, kuna soda baridi, na ndiko aliko mteja anayelipa. Dishi la Kariakoo linatazama Pugu: linaona kilima, miti na mbingu. Kelele itoke wapi?

Lakini lile la Pugu linatazama mji. Dishi la sentimita 60 kwenye gigahezi 5.8 lina mwale wa nyuzi kama 6. Ufuate mwale huo kilomita 20 na utakuta umetanuka kufikia upana wa kilomita 2. Kariakoo imo humo ndani, na nyuma yake Upanga, na nyuma ya Upanga bahari. Kila ruta ya dukani, kila kamera ya godauni, kila redio ya mshindani iliyolengwa ovyo, zote zinaimba kwenye sikio hilohilo moja lililo kilimani. Huko juu kelele haiko -92. Nimewahi kuikuta -76. Fanya hesabu mwenyewe: mawimbi yanafika -55 pande zote mbili, lakini Kariakoo una desibeli 37 za kuchezea na Pugu una 21 tu. Upande mmoja unapanda hadi ngazi ya QAM 256 bila kutokwa jasho, mwingine unateremka ngazi kwa ngazi kutafuta pa kushika.

Ndiyo maana picha ilikatwa. Kasi ya kushuka inapokelewa Kariakoo, kwenye utulivu, na lazima ipendeze. Kasi ya kupanda inapokelewa Pugu, kwenye makelele. Wala usidhani kushuka kumesalimika, kwa sababu kila kinachoshuka kinangoja jibu lipande, na jibu likipotea njiani mzigo unatumwa upya. Mteja hatasema neno "kelele". Atakwambia picha za video zinakuja vizuri ila akipiga simu ya WhatsApp, mtu wa upande wa pili anasikia maneno yamekatikakatika. Ukisikia lalamiko hilo, usiguse redio ya mteja. Panda kilimani.

Na upande saa tatu usiku. Jumapili saa nne asubuhi mji haujaingia mtandaoni. Watu wako ibadani au wamelala. Saa tatu usiku kila familia imewasha tamthilia na kila kijana yuko kwenye mpira, na hapo ndipo utakapoujua ujirani wako. Skani ya dakika 10 ni salamu ya mlangoni. Iache skani kilimani siku saba mfululizo, Ijumaa na mwisho wa mwezi zikiwemo, ndipo useme kama masafa huru yanakufaa au ukatafute leseni. Uamuzi wote umo kwenye karatasi hiyo ya siku saba. Mimi sijaona mtu aliyeifanya kwa ukamilifu akajuta, na sijaona mtu aliyeiruka asilipe mara mbili.

Hata hivyo leseni haitibu maumbile. Wapo waliolipia chaneli safi kisha wakachagua gigahezi 18 kwa njia ya kilomita 12 hapa pwani, wakavutwa na udogo wa dishi na wepesi wa kulipandisha. Mvua ya milimita 100 kwa saa hula desibeli 8 hadi 10 kwa kila kilomita kwenye masafa hayo. Kwenye gigahezi 11 hula karibu nusu ya hapo, na kwenye 80 hula kama 30. Masika ya kwanza huwaumbua. Kwa pwani yetu, njia ndefu zipewe gigahezi 6, 7 au 8. Za kati zipewe 11. 18 na 23 zibaki kilomita chache. 80 ivuke mtaa, si wilaya. Na uchague wima ukipewa nafasi, kwa sababu tone la mvua likianguka hubonyea na kutanuka kwa ubavu, hivyo mawimbi ya mlalo ndiyo yanayoumia zaidi.

Mzee aliyenifundisha kazi alitoka kwenye minara ya simu za zamani, na alikuwa hapimi kitu kabla hajauliza swali. Palikuwa na linki ya leseni iliyovuka bahari kuelekea Unguja. Karatasi yake safi, chaneli yake tupu, na bado ikikatika mara mbili kwa siku. Walibadilisha redio, wakabadilisha kebo, wakamlaumu mwenye jenereta. Mzee akaomba orodha ya saa za kukatika, akaisoma kimya, kisha akaniuliza, "Mwanangu, leo mwezi mwandamo wa ngapi?" Nilidhani amechoka. Akanionyesha kwa kidole: kila siku saa ile ilisogea mbele dakika kama 50. Ilikuwa ikifuata maji. Bahari iliyotulia huakisi mawimbi kama kioo, mwale ulioruka juu ya maji unakutana dishini na mwale ulionyooka, na maji yakipanda na kushuka zaidi ya mita 3 wakati wa bamvua, kuna kimo ambapo miale hiyo miwili inauana. Siku za maji mafu linki ilikuwa ikipumua. Dawa ilikuwa dishi la pili chini ya la kwanza, ili moja likizimika lingine lisikie. Wavuvi wa Bagamoyo wangelijua jibu kabla ya wahandisi, kama kuna aliyewauliza.

Mbali na mvua na bahari wako walaghai, nao nitawataja kwa kazi zao. Wa kwanza atakuonyesha leseni yenye muhuri, na kweli ni leseni, ila ni ya kutoa huduma. Leseni ya masafa ni karatasi nyingine kabisa, nayo hutaja minara miwili, koordineti zake, kimo cha dishi na chaneli. Isome namba kwa namba. Wa pili ana karatasi sahihi ya mnara aliokwisha kuuhama. Dishi liko kilomita 3 kando na linampigia mtu mwingine aliyelipa. Wa tatu yuko kwenye masafa huru, na anaingia kwenye menyu ya nchi, anachagua nchi isiyo yake ili nguvu ipande na redio iache kukwepa rada. Huyo ndiye ninayemchukia kuliko wote. Masafa huru ni kisima cha kijiji, na yeye ameingiza mguu.

Nimekijua kisima hicho kikiwa safi. Kabla ya nyaya za baharini kufika mwaka 2009, mzigo wa kwenda nje ya nchi ulipitia setilaiti, na jibu lilichukua zaidi ya nusu sekunde kurudi. Lakini ukipanda paa na redio ya gigahezi 5 ukafanya skani, kioo kilibaki kitupu toka mwanzo hadi mwisho. Tulilenga madishi kwa dira na kipande cha kioo cha kujitazamia: mmoja anamulika jua kutoka mnarani, mwenzake juu ya paa anatafuta ule mmeto. Linki ikishika, tulishuka polepole, na hakuna aliyekimbilia kupiga picha.

Mzee aliniachia daftari lake la jalada gumu. Kila mnara una ukurasa, na kila ukurasa una safu mbili, huku na kule, kelele ilivyokuwa saa nne asubuhi, saa nane mchana, saa tatu usiku. Kwenye ukurasa mmoja, kwa miaka mingi safu zote mbili zinasoma -94, -94, -93, hata unachoka kuzisoma. Kisha upande wa mlimani unaanza kupanda, mstari baada ya mstari, -88, -83, na wa mjini umebaki palepale. Pale upande wa mlimani ulipogusa -80 ameandika kwa wino mwekundu neno moja, "leseni", na tarehe aliyopeleka maombi. Hakungoja mteja alalamike.

Kijana mwenye ile picha ya Pugu na aniletee ukurasa kama huo, safu zote mbili na saa zote tatu. Nitamsifu mbele ya watu, hata kama kasi yake ni megabiti 40.